Shahamu ya nyangumi: Daftari la bahari lisilosahau chakula wala sumu

KILA mwaka, kati ya Julai na Septemba, wavuvi wa Watamu na Kilifi huwaona wageni wakubwa wakipita nje ya miamba. Hao ni nyangumi wa nundu, wanyama wenye uzito wa tani 30 hivi, ambao huondoka katika maji ya barafu ya Antaktika na kusafiri maelfu ya kilomita hadi bahari ya joto ya Afrika Mashariki ili kupandana na kuzaa.

La ajabu ni kwamba katika safari hiyo ndefu, na katika majuma wanayokaa huku, nyangumi hao huwa karibu hawali kitu. Mama hunyonyesha ndama wake, madume huwania majike, kisha wote huogelea kurudi kusini. Riziki yao wameibeba mwilini. Ni shahamu, yaani tabaka nene la mafuta lililo kati ya ngozi na misuli.

Neno shahamu si geni kwa watu wa mwambao. Mafundi wa vyombo vya baharini walichanganya shahamu na chokaa kutengeneza deheni ya kupaka sehemu ya chombo inayozama majini, na mbao za juu wakazipaka sifa, mafuta yatokanayo na ini la papa. Wahenga hao walijua kwamba mafuta hayafanani, na kwamba kila aina ina kazi yake.

Sayansi ya leo imelithibitisha jambo hilo na kulipanua. Imebainika kwamba shahamu ya mnyama wa baharini ni mfano wa daftari. Ndani yake mna kumbukumbu ya kile mnyama alichokula, bahari alikokula, na hata sumu ambazo binadamu alizitupa bila kufikiri zitaishia wapi. Herufi za daftari hilo ni asidi za mafuta.

ASIDI ZA MAFUTA NI NINI?

Mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba mafuta ya wanyama si kitu kimoja, bali ni muungano wa gliserini na asidi za namna mbalimbali. Miongoni mwa mafuta aliyoyachunguza yalikuwamo ya pomboo.

Molekuli ya mafuta ya kawaida yaweza kufananishwa na mlingoti mmoja uliofungwa bendera tatu. Mlingoti ni gliserini, na kila bendera ni asidi moja ya mafuta. Asidi yenyewe ni mnyororo wa atomu za kaboni. Katika shahamu ya wanyama wa baharini, minyororo mingi huwa na kaboni kuanzia 14 hadi 22.

Urefu wa mnyororo ni tofauti ya kwanza baina ya asidi na asidi. Tofauti ya pili ni namna kaboni hizo zilivyoshikana. Kaboni zikiwa zimebeba haidrojeni yote ziwezayo kubeba, asidi huitwa iliyoshiba, na mnyororo wake hunyooka. Haidrojeni ikipungua, kaboni mbili jirani hushikana kwa kifungo maradufu, na mnyororo hupinda mahali hapo. Asidi yaweza kuwa na kifungo kimoja cha namna hiyo, au vingi.

Asidi ambazo kifungo chake cha kwanza maradufu kipo kwenye kaboni ya tatu kutoka mkiani ndizo zinazojulikana kama omega-3, jina ambalo wasomaji wengi wameliona kwenye chupa za mafuta ya samaki madukani.

Shahamu ya nyangumi na sili ina asidi zilizoshiba kama vile palmitiki, ambayo pia imejaa katika mafuta ya mawese. Ina asidi za kifungo kimoja kama vile oleiki, iliyo nyingi katika mafuta ya zeituni. Lakini kinachoitofautisha na mafuta ya ng'ombe au ya mbuzi ni wingi wa omega-3 zenye minyororo mirefu. Hizo ni tatu: EPA yenye kaboni 20 na vifungo maradufu vitano, DPA yenye kaboni 22 na vifungo vitano, na DHA yenye kaboni 22 na vifungo sita.

Katika mafuta ya sili, omega-3 hukaribia sehemu moja kwa tano ya asidi zote. DPA hasa huwa nyingi kuliko ilivyo katika mafuta mengi ya samaki. Tofauti nyingine imo katika mpangilio. Katika samaki, asidi hizo mara nyingi hukaa kwenye bendera ya katikati ya ule mlingoti wetu, ilhali katika sili na nyangumi hukaa zaidi kwenye bendera za juu na za chini.

NAZI YA MOMBASA, BARIDI YA LIMURU

Ili kuelewa umuhimu wa vifungo hivyo, msomaji na achukue chupa ya mafuta ya nazi kutoka Mombasa na kusafiri nayo hadi Limuru. Mombasa mafuta yalikuwa yakimiminika kama maji. Kufikia asubuhi, yatakuwa yameganda na kuwa meupe.

Sababu ni kwamba asidi za mafuta ya nazi karibu zote zimeshiba. Minyororo yake imenyooka, na joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi hujipanga pamoja kama kuni zilizofungwa mtita. Minyororo iliyopinda haiwezi kujipanga hivyo, kama vile matawi ya mikoko yasivyofungika mtita mmoja yakakaa. Ndiyo sababu mafuta yenye vifungo vingi maradufu hubaki maji hata penye baridi kali.

Sasa mfikirie sili wa Aktiki. Ndani ya mwili wake joto ni nyuzi 37 hivi, karibu sawa na letu. Nje, ngozi yake inagusana na maji yanayokaribia kuganda, na maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Kama tabaka la nje la shahamu yake lingekuwa la mafuta mfano wa nazi, lingekuwa gumu kama mshumaa, na mnyama asingeweza hata kujipinda.

Kwa sababu hiyo shahamu haifanani kutoka nje hadi ndani. Tabaka la nje, lililo karibu na ngozi, lina wingi wa asidi za kifungo kimoja, nyingi zikitengenezwa na mwili wenyewe. Tabaka la ndani, lililo karibu na misuli, lina sehemu kubwa zaidi ya asidi zilizoshiba na zile zinazotokana moja kwa moja na chakula. La nje ni kama ukuta wa nyumba, la ndani ni kama ghala ambalo kila siku watu huingiza na kutoa.

Unene wa ukuta na ghala hilo hutegemea mnyama na makao yake. Nyangumi wa Greenland, aishiye mwaka mzima katika bahari ya barafu, huweza kuwa na shahamu inayozidi sentimita 40. Aidha, shahamu humsaidia mnyama kuelea na humpa umbo laini la kupasua maji.

Ghala hilo hujazwa mapema. Sili mmoja wa Atlantiki ya Kaskazini, ambaye dume lake lina kifuko cha ngozi kinachofura kichwani, hunyonyesha mtoto kwa siku nne pekee, muda mfupi kuliko mamalia mwingine yeyote ajulikanaye. Maziwa yake ni mafuta kwa takriban asilimia 60, huku ya ng'ombe yakiwa asilimia nne hivi. Kwa siku hizo nne mtoto hutoka kilo 22 hivi na kufikia kilo 45, na sehemu kubwa ya uzito ulioongezeka ni shahamu.

KUTOKA MWANI HADI NYANGUMI

Mnyama hawezi kujitengenezea omega-3 nyingi kiasi hicho. Huzipata kwa kula. Watengenezaji wa kwanza ni mwani mdogo sana uelеao baharini, usioonekana kwa macho. Aina ziitwazo diatomu hutengeneza EPA kwa wingi, na aina nyingine hutengeneza DHA. Mwani huo huliwa na vidudu vya baharini, vidudu huliwa na samaki, na samaki huliwa na sili au pomboo. Katika kila hatua, asidi hupokezwa kama kijiti katika mbio za kupokezana.

Njiani humo kila bahari hutia alama yake. Katika Atlantiki ya Kaskazini wapo vidudu vinavyoitwa kopepodi, ambavyo hutengeneza asidi ndefu za kifungo kimoja, zenye kaboni 20 na 22. Samaki kama heringi huvila, na asidi hizo huingia katika mafuta yao. Sili akila heringi hao, alama ya kopepodi huonekana katika shahamu yake, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kumeza kopepodi hata mmoja.

Kusini hali ni tofauti. Chakula kikuu cha nyangumi wa nundu huko Antaktika ni uduvi, ambao wana asidi hizo ndefu kidogo sana, lakini wamejaliwa EPA kutokana na diatomu wanazokula. Hivyo basi, nyangumi anayeruka mbele ya mashua za Watamu mwezi Agosti amebeba mafuta ya uduvi aliowala karibu na barafu miezi kadhaa iliyopita. Ukikipima kipande cha shahamu yake, unapima habari za Antaktika ukiwa Kilifi.

JINSI DAFTARI LINAVYOSOMWA

Zamani, mtafiti aliyetaka kujua chakula cha nyangumi alilazimika kupasua tumbo la mnyama aliyekufa. Njia hiyo ilionyesha mlo wa mwisho tu, na mara nyingi ilionyesha mifupa na midomo ya ngisi, kwani vilivyo laini huwa vimekwisha kuyeyuka.

Siku hizi mtafiti hurusha mshale mdogo wenye ncha iliyo wazi ndani, ambao hugusa mgongo wa nyangumi, huchukua kipande kidogo cha ngozi na mafuta, kisha huanguka na kuelea. Katika maabara, mafuta huchujwa kwa viyeyusho, asidi hutenganishwa na gliserini, kisha hupitishwa katika mtambo wa kromatografia ya gesi. Humo asidi hukimbia katika bomba jembamba, kila moja kwa mwendo wake, na kufika mwisho kwa zamu. Katika sampuli moja zaweza kutambuliwa asidi 70 hivi.

Mwaka wa 2004, Sara Iverson wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada pamoja na wenzake walichapisha njia ya kihesabu inayolinganisha asidi za mnyama na zile za kila aina ya samaki awezaye kuwala, kisha kukadiria kila aina ilichangia kiasi gani katika mlo. Tangu hapo njia hiyo imetumiwa kwa sili, kwa ndege wa baharini, na hata kwa dubu weupe wa Aktiki, ambao mafuta yao huonyesha ni sili wa aina gani waliowindwa.

Hata hivyo, daftari hili halisomwi kwa pupa. Kwanza, mshale mfupi huweza kufikia tabaka la nje pekee, na tayari tumeona kwamba tabaka hilo huandikwa zaidi na mwili kuliko na chakula. Anayesoma jalada hawezi kudai amekisoma kitabu.

Pili, mnyama anapofunga kula, asidi hazitoki ghalani kwa usawa. Zile za omega-3 kama EPA hutoka upesi, ilhali zile ndefu za kifungo kimoja hukawia. Nyangumi mwenye njaa huwa na mafuta yasiyofanana na aliyokuwa nayo aliposhiba, hata kama hakubadilisha chakula.

Tatu, kuna asidi ambazo hazikutoka kwenye chakula kabisa. Pomboo na jamaa zake wadogo wana asidi isovaleriki, fupi mno, yenye kaboni tano tu na mnyororo uliogawanyika. Chevreul aliikuta katika mafuta ya pomboo karne mbili zilizopita. Mwili wa pomboo huitengeneza na kuiweka katika tabaka la nje la shahamu, na pia katika lile donge la mafuta lililo kwenye paji la uso, ambalo hukusanya sauti anazotoa pomboo na kuzielekeza mbele ili atambue vitu gizani. Kwa upande mwingine, nyangumi wakubwa wanaozamia ngisi kwenye vina virefu huhifadhi sehemu kubwa ya mafuta yao katika umbo la nta.

KEMIA ILIYOWAPONZA

Wingi wa vifungo maradufu ulimpa nyangumi uhai, lakini kwa miaka mingi ulimkinga pia kwa njia asiyoijua. Vifungo hivyo huvamiwa kwa urahisi na oksijeni ya hewani, na mafuta huchacha na kunuka. Mafuta ya nyangumi yaliwashwa taani na kupakwa mitambo, lakini watu wachache wa Ulaya wangekubali kuyapaka kwenye mkate.

Kinga hiyo iliondolewa na ugunduzi mmoja. Mwaka wa 1902 mkemia Mjerumani, Wilhelm Normann, alipata hataza ya njia ya kuingiza haidrojeni katika mafuta ya maji ili kuyafanya yagande. Haidrojeni huvunja vile vifungo maradufu, asidi hushiba, harufu hupungua, na mafuta yaliyokuwa maji huwa magumu kama siagi. Ghafla mafuta ya nyangumi yakawa malighafi ya sabuni na majarini.

Meli za viwanda zenye mteremko wa kumpandishia nyangumi kutoka baharini moja kwa moja zilianza kazi katika bahari ya kusini mwaka wa 1925. Katika karne nzima ya 20, nyangumi zaidi ya milioni mbili waliuawa katika nusu ya kusini ya dunia. Wale wa nundu wanaopita upande wetu wa Bahari ya Hindi hawakusalimika. Kituo cha Durban, Afrika Kusini, kilichinja nyangumi kuanzia 1908 hadi 1975.

Mwaka wa 1979, kwa pendekezo la Ushelisheli, Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi isiyoruhusiwa uwindaji wa biashara. Mwaka wa 1982 tume hiyo iliamua kusimamisha uwindaji wa aina hiyo kote duniani, na uamuzi ukaanza kutekelezwa 1986. Norway ilipinga, nayo Japani ilijiondoa katika tume mwaka wa 2019. Lakini nyangumi wa nundu wameongezeka tangu chusa zilipotua, na ndiyo sababu kizazi cha sasa cha Watamu huwaona.

CHAKULA CHA WAINUITI

Wapo watu ambao kwao shahamu ni chakula cha tangu enzi za mababu. Wainuiti wa Greenland na kaskazini ya Kanada hula ngozi ya nyangumi pamoja na mafuta yake, mara nyingi ikiwa mbichi.

Mapema katika miaka ya 1970, madaktari wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walikwenda Greenland kupima damu ya Wainuiti. Walikuta kwamba watu hao, licha ya kula mafuta mengi, walikuwa na lehemu kidogo katika damu kuliko Wadenmark, na wakahusisha jambo hilo na omega-3 za sili, nyangumi na samaki. Hapo ndipo ulimwengu ulipoanza kuzungumzia mafuta ya samaki kama kinga ya moyo.

Wataalamu wengine wameyatilia shaka mahitimisho hayo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka wa 2014 ulieleza kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuwa Wainuiti walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko watu wengine. Mwaka uliofuata, utafiti wa chembe za urithi ulionyesha kwamba Wainuiti wana mabadiliko katika jeni zinazosimamia utengenezaji wa asidi za mafuta, ishara kwamba miili yao imeuzoea mlo huo kwa vizazi vingi. Linalomfaa mmoja, basi, halimfai kila mtu.

SUMU GHALANI

Ghala halichagui mgeni. Kemikali kama DDT, iliyonyunyiziwa wadudu, na PCB, iliyotumiwa katika transfoma za umeme, haziyeyuki katika maji ila huyeyuka katika mafuta. Zikifika baharini hupanda ngazi ile ile waliyopanda omega-3: mwani, vidudu, samaki, kisha sili na pomboo. Katika kila hatua wingi wake huongezeka, kwa kuwa mlaji hula wengi na sumu ya wote hubaki kwake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, daktari Éric Dewailly wa Quebec, Kanada, alipima maziwa ya akina mama wa Kiinuiti wa Nunavik akitarajia kupata maziwa safi, kwani huko hakuna viwanda. Alikuta PCB takriban mara tano kuliko ilivyokuwa kwa akina mama wa kusini ya jimbo. Sumu ilikuwa imetoka mbali, na ilikuwa imewafikia kupitia shahamu.

Katika Visiwa vya Faroe, ambako nyama na shahamu ya nyangumi ni desturi ya karne nyingi, wakuu wa afya walipendekeza mwaka wa 2008 kwamba watu waache kuvila, kwa sababu ya zebaki iliyomo katika nyama na PCB iliyomo katika mafuta.

Wanyama wenyewe ndio huumia zaidi. Mama anaponyonyesha, mafuta hutoka ghalani na sumu hutoka nayo, hivyo mtoto wa kwanza hurithi mzigo ambao mamake aliukusanya kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulikadiria kwamba PCB zinatishia maisha ya zaidi ya nusu ya makundi ya orca duniani, ingawa utengenezaji wake ulipigwa marufuku katika nchi nyingi miongo kadhaa iliyopita.

Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti kemikali za namna hiyo ulipitishwa mwaka wa 2001 na ukaanza kutumika 2004, mwaka ambao Kenya nayo iliuidhinisha.

PWANI YETU

Je, daftari la bahari yetu linasema nini? Jibu moja limetoka Zanzibar. Huko, wavuvi wa kusini mwa Unguja waliwahi kuwinda pomboo ili kupata chambo cha papa, kabla ya kugundua kwamba mtalii hulipa zaidi kumwona pomboo akiwa hai. Hata hivyo, pomboo wengine bado hunaswa katika nyavu kwa bahati mbaya.

Watafiti walichukua shahamu ya pomboo walionaswa hivyo na kuipima, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2010. Walikuta DDT na mabaki yake, japo viwango vya kemikali za viwandani vilikuwa vya chini vikilinganishwa na vya bahari za nchi zilizoendelea. Walikuta pia, kwa wingi, kemikali zenye bromini ambazo viumbe vya baharini huzitengeneza kiasili. Hiyo ni habari njema yenye onyo. Bahari yetu haijachafuka kama nyingine, lakini haikosi alama ya mikono yetu.

Mnyama mwingine wa kutiliwa maanani ni nguva. Yeye hali samaki wala uduvi, bali hulisha nyasi za baharini kama ng'ombe malishoni. Ngazi ya chakula chake ni fupi, na mafuta yake hayana hazina ya omega-3 kama ya sili. Lakini uvumi kwamba mafuta ya nguva ni dawa ulichangia kuwindwa kwake katika nchi mbalimbali. Mwaka wa 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, lilitangaza kwamba nguva wa mwambao wa Afrika Mashariki wamo katika hatari kubwa kabisa ya kuangamia, wakiwa wamesalia chini ya 250 waliokomaa.

Hapa nchini, wanyama hao hulindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013. Nyangumi au nguva akisukumwa ufuoni akiwa amekufa, si halali kumkata ili kuchukua nyama au mafuta. Isitoshe, si busara. Anayeyachota mafuta hayo hajui mnyama alikufa kwa ugonjwa gani, wala hajui miaka mingapi ya sumu imo ndani yake. Linalofaa ni kuwajulisha maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) mapema, kabla mzoga haujaoza, kwa kuwa kipande kidogo cha shahamu mikononi mwa mtafiti kina faida kuliko debe zima jikoni.

Ifikapo Oktoba, nyangumi wengi wa nundu huwa wamekwisha kugeuza vichwa kusini, wamekonda, nao ndama wao wamenenepa. Katika mwili wa kila ndama huwa mmeanza kuandikwa daftari jipya, na ukurasa wa kwanza umenakiliwa kutoka kwa mama: mafuta ya uduvi wa Antaktika, pamoja na chochote kile ambacho binadamu alikitia baharini kabla yeye hajazaliwa. Nyangumi hana uwezo wa kuchagua kinachoandikwa humo. Sisi tunao.